Siku Nilipompisha Mkwe Njiani

Aibu hii ni yangu, na nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu kule kanisani imeshaanza kusimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza kina cha matope, mpaka juzi nimesikia eti nilizama hadi shingoni na helikopta ikaitwa. Hakukuwa na helikopta. Matope yalifika hapa, kwenye magoti (sawa, juu ya magoti, na kidogo zaidi), na hayo mengine yote mliyoyasikia ni kweli, likiwemo lile la wigi, kwa hiyo vuteni viti niwape yenyewe.

Mnamjua Sheila, kifungua mimba wangu, yule nesi. Alituletea nyumbani kijana anayeitwa Espoir, Mkongo wa Uvira aliyekuja huku Marekani akiwa mdogo akalelewa Laurel, fundi wa mitambo ya joto ya majumbani, kijana mrefu, mtulivu, maneno yake ya kuokota. Baba Sheila alimpenda siku ile ile, maana alisikia heta yetu inakoroma akaenda akaitengeneza bila kuombwa. Mimi sikumpenda. Nitawaambia sababu, na mkicheka, chekeni polepole.

Kijana yule hakuwa ananisalimu vizuri. Akiingia kwangu ni "Jambo, Mama," huku macho yako kwenye zulia. Nikija kukaa sebuleni, yeye anakumbuka kitu amesahau garini. Nikipakua chakula, anachukua sahani yake anakwenda kula jikoni, amesimama, kama mtu anayengoja basi. Na siku moja tulikutana kwenye maegesho ya kanisa, uso kwa uso, nikajitayarisha kusalimiwa, na mtu mzima yule akageuka akayazunguka magari yote mpaka akaingilia mlango wa nyuma, utadhani ameona nyoka. Nikasema basi, nimekuelewa. Huyu amelelewa Marekani, anaona mama anayeogesha wazee kwenye nyumba ya wazee si mtu wa kusalimiwa. Iliniuma, sitawaficha. Nililia bafuni siku hiyo nikiwa na kofia ya kanisa kichwani.

(Na mjue mimi si mtu rahisi kuridhika. Mama Brayo, rafiki yangu wa hapa Woodbridge, ana mkwe Mmarekani anayemwita kwa jina lake la kwanza na kumbusu shavuni mbele za watu, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba yule kijana hana adabu. Sasa wangu hanibusu, hanikumbatii, hata mkono hanipi, nikasema huyu naye ana dharau. Alikuwa hana pa kupitia.)

Mambo yalikuwa yamefika hapa: wazee wa upande wake walikuwa wameomba siku ya kuja kwetu kubisha hodi. Baba Sheila akasema, mama yake akikubali mimi nimekubali. Shemeji Amos, kaka mkubwa wa Baba Sheila kule kwetu Vihiga, ambaye ndiye anayetoa neno la ukoo, alikuwa anangoja simu yangu Jumapili, aambiwe ndiyo au hapana. Na mimi nilikuwa na hapana yangu tayari, nimeshaikunja nimeiweka mfukoni. Sheila alijua. Hakugomba, hakununa, aliingia tu chumbani kwangu Ijumaa nikikunja nguo, akakaa kitandani, akasema, "Mum, just come see the birds with us. One morning. Then you can call Uncle Amos and say whatever you want."

Ndege! Kwa sababu hilo nalo lilikuwepo. Huyo fundi wa heta, siku yake ya mapumziko, wakati wenzake wamelala, anaamka gizani anavaa koti zito anakwenda kwenye kinamasi kuangalia bata. Hawindi, hali, hafugi. Anaangalia, anafurahi, anarudi nyumbani. Nilimwuliza Sheila, "Sasa akishawaangalia, inakuwaje?" Akaniambia, "He just loves them, Mum." Moyoni nikasema mwanaume anayempenda bata asiyemla ana jambo. Hata hivyo nilikubali kwenda, kwa ajili ya mtoto, na pia (tuseme ukweli) ili nikimkataa niwe nimemkataa kwa ushahidi.

Asubuhi ile ya Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Sheila akaniwekea kitandani suruali nzito ya theluji. Nikamwangalia. Mimi, nivae suruali mbele ya mkwe? Maana kwetu, hata kama unapanga kumkataa, kijana akishajulikana nia yake ni mkwe mpaka siku utakapomkataa, na mkwe na mama mkwe wana mipaka yao: hawashikani mikono, hawali meza moja, hawagusani hata nguo, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja anaingia shambani kwa watu ili mwenzake apite. Mama yangu aliwahi kujificha kwenye mahindi mpaka mvua ikamnyeshea, akimpisha mume wa dada yangu aliyekuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu. Hayo nimekua nayo na sijayaacha uwanja wa ndege. Nikavaa gauni langu la kitenge, taitsi mbili ndani, koti la kanisani, wigi langu jipya, na miguuni gambuti za Baba Sheila, ambazo ni kubwa kwangu kiasi kwamba nikigeuka, zenyewe zinageuka baadaye. Sheila akaangalia, akaikunja ile suruali.

Tulipatana kimyakimya kwamba yeye atatembea katikati, kama ukuta. Tukafika kwenye hifadhi, pale ambapo mto unamwaga maji yake kwenye Potomac, na Espoir alikuwa ameshafika kutoka Laurel, amebeba begani darubini ndefu juu ya stendi ya miguu mitatu. "Jambo, Mama," akaliambia tairi la gari letu. Nikaitikia nikiliangalia tairi lingine. Tukaanza safari, yeye mbele, Sheila kati, mimi nyuma na gambuti zangu, tukiingia kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi, nyembamba, haina vyuma vya kushikilia, kushoto matete makavu, kulia nyasi zenye umande ulioganda, na mbele kabisa, ng'ambo ya mkono wa maji, kulikuwa na jukwaa lililojaa wazungu wazee wenye darubini, wametulia kama watu wa ibada.

Na niseme, palikuwa pazuri. Sikutaka papendeze, lakini palikuwa pazuri. Korongo mmoja wa kijivu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye barafu kana kwamba baridi ni habari za watu wengine. Bata wa kila rangi walikuwa wanapiga mbizi wakiibukia pengine. Hakuna aliyekuwa anaongea, na mimi ambaye kazini nasikia kengele za wazee mchana kutwa, kimya kile kiliniingia vizuri.

Sasa yote yalianzia kwenye chai. Nilikuwa nimepika chupa kubwa ya chai ya tangawizi na mandazi ya kutosha kwaya, maana siwezi kwenda mahali mikono mitupu, hata kama mwenyeji ni bata. Chupa tulikuwa tumeiacha garini. Vidole vikaanza kuniuma kwa baridi, nikaona nikipata kikombe kimoja tu nitakuwa mtu, nikamwambia Sheila, "Kimbia mama, niletee ile chai." Akaniangalia, akaangalia mbele alikokuwa Espoir, akaniangalia tena. "Mum, are you sure?" Nikamwambia, "Kwani nitaliwa? Nenda." Akaenda. Ukuta wangu ukaondoka, na ni mimi niliyeutuma.

Nikabaki nimesimama katikati ya njia. Espoir alikuwa amekwenda mbele akapinda kona ya matete, simwoni, hanioni, mambo sawa. Nikaanza kutembea polepole kutafuta joto. Kumbe huko kwenye kona yeye alikuwa ameona kitu kizuri, akasimamisha darubini, akafurahi, kisha akaibeba tena na kugeuka kuja kutuita, mimi na Sheila, bila kujua kwamba Sheila hayupo. Tukatokeana ghafla pale kwenye kona. Mimi na yeye. Njia upana wa meza.

Jamani, nilisimama. Na yeye akasimama. Akaangalia nyuma yangu akitafuta Sheila. Nikaangalia nyuma yake nikitafuta mlango. Nikirudi nyuma na zile gambuti nitaanguka. Nikisonga mbele, bega langu na bega lake yatapita yakisalimiana. Ndipo nikaona pale kulia nyasi zimelala vizuri, zimeganda, nyeupe, imara kama kapeti, na damu ya mama yangu ikaniambia, ingia shambani. Nikaingia.

Ile barafu ilinivumilia kidogo. Ilinivumilia kiasi cha mimi kumaliza kuwaza, "Ona sasa, rahisi tu." Halafu ikasema kra, na mguu wa kulia ukashuka, wa kushoto ukaufuata kuuliza kuna nini, na maji ya baridi yakaingia kwenye gambuti kwa juu yakitafuta taitsi. Nilipiga ukelele. Huo ukelele mimi siutambui, sijui ulitoka wapi, lakini bata wote wa kaunti ya Prince William waliruka kwa pamoja, na ng'ambo kule lile jukwaa zima la wazee likageuza darubini zake kutoka kwenye maji na kunielekezea mimi.

"Mama! Pardon, Mama! Usitikisike!" Espoir akapiga magoti ukingoni, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu. Halafu, nawaapia, kwa wakati mmoja, mimi nikaurudisha wangu na yeye akaurudisha wake.

Nikamwangalia. Yeye akaangalia mbao. Nikawaza, huyu ananiacha nife, leo ndiyo nimeona dharau yenyewe. Nikamwambia kwa ukali wote uliobaki, "Sasa wewe, unaogopa nini? Mimi nina ukoma?" (Nikasahau kwamba na mimi nimeurudisha mkono wangu. Binadamu ni hivyo.)

Akasema, macho chini, "Mama, mi siwezi kukushika mukono. Kwetu beau-fils, mukwe, hagusake belle-mère. Ni mwiko. Hata kukuangalia sana haiko bien. Maman yangu alinifundisha vile."

Miguu yangu ilikuwa inakufa mmoja mmoja. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo Baba Sheila akilikumbuka anatoka nje kucheka: nikiwa nimezama kwenye tope, gauni limeelea pande zote kama ua la maboga, nikaanza kumhoji.

"Kwa hiyo siku ile, maegesho ya kanisa?"

"Nilikuwa nakupisha, Mama."

"Na kula jikoni umesimama?"

"Ni respect, Mama."

"Na zulia? Kila siku unaliangalia zulia langu!"

"Mama," akasema, karibu kulia, "njo maana nakukimbiaka. Mi nilizani unajua. Tutaongea kisha, Mama, baridi itakuua."

Nilizani unajua! Na mimi ndiye wa kujua. Mimi niliyelelewa kwa kujificha kwenye mahindi. Nimemtazama kijana akiniheshimu miezi yote hiyo na nikamsoma vibaya kila ukurasa, kwa sababu kichwani mwangu adabu hiyo ilikuwa mali ya Vihiga, haikunijia hata siku moja kwamba mama mwingine kule Uvira alikuwa anaifundisha jikoni kwake, na mtoto akaibeba mpaka Laurel bila kuidondosha. Niliona haya. Niliona haya kuliko aibu ya matope.

Espoir alikuwa ameshasimama. Akaifungua ile darubini kwenye stendi, akavua skafu yake akailaza darubini juu yake kwa upole kama mtoto aliyelala, akaifunga ile miguu mitatu ikawa fimbo moja nene, na akanielekezea ncha. "Shika trépied, Mama. Shika nguvu." Nikaishika. Halafu akanipa mgongo. Kabisa. Akaiweka ile stendi begani, akashika upande wake kwa mikono miwili, akainama mbele, akaanza kunivuta kama ng'ombe wa kulima, asinione gauni, asinione mguu, asinione chochote. "Doucement, Mama. Pole pole. Sasa!"

Nikatoka kidogo. Kulikuwa na sauti ambayo sitaieleza, ya tope likikataa kuachia, kisha mguu wa kulia ukatoka na gambuti yake na wa kushoto ukatoka peke yake, gambuti ikabaki chini huko mpaka leo. Nikaanguka mbele kwenye matete ya ile kona, tete moja likanipangusa kichwa, na nilipoinuka nilihisi upepo mahali ambapo sikutakiwa kuhisi upepo. Wigi langu lilikuwa limeshuka majini na linaelea, linakwenda zake taratibu na mkondo.

Kutoka ng'ambo mtu akapiga kelele kwa furaha ya kweli, "Muskrat! Muskrat!" na nikaona darubini zote zinahama kutoka kwangu kwenda kwenye wigi langu. (Sheila alinieleza baadaye kwamba huyo ni mnyama wa huku, kama panya mkubwa, anayeogelea kwenye vinamasi.) Sijui kama mnaelewa hisia hiyo, kuaibika na kushukuru kwa wakati mmoja, kwa sababu angalau walikuwa wameacha kuniangalia mimi.

"Usigeuke!" nikamwambia Espoir. "Sina kitu kichwani!"

"Sigeuki, Mama! Mi naangalia kule!" akajibu, na akavuta mara ya mwisho, nikapanda kwenye zile mbao kwa tumbo, kama kambare anayetolewa bwawani, nikalala pale nikihema. Yeye, bado mgongo, akavua koti lake kubwa akalirusha nyuma bila kuangalia. Likanifunika kichwa kizima. Gizani mle ndani ya koti kulikuwa na joto na harufu ya sabuni, na nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka kidogo kukawa kulia, kisha kukarudi.

Nilipotoa kichwa, watu wawili walikuwa wanakuja mbio kwenye mbao. Mmoja ni Sheila na chupa ya chai na mfuko wa mandazi. Mwingine ni bibi mmoja mzungu mwenye kofia nyekundu, kutoka kwenye lile jukwaa, ameshika kijiti, na juu ya kijiti limelala wigi langu linachuruzika maji. Na yule bibi alikuwa amekasirika. Hakunikasirikia mimi. Alimwendea Espoir moja kwa moja, akamwambia kwamba amemwona, ameona kila kitu kwenye darubini, mwanamke anazama kwenye barafu na kijana mwenye nguvu zake anakataa kumpa mkono, tena anampa mgongo, haoni haya? Espoir hakujitetea. Alisimama pale na shati moja tu katika baridi ile, anatetemeka, anaangalia mbao, amekubali kutukanwa mbele ya msichana wake kuliko kueleza mambo ya mama mkwe kwa mgeni.

Sheila alikuwa anatuangalia wote. "Mum? Why is he facing the wrong way?"

Nikasimama. Gambuti moja, taitsi zenye tope, nywele zangu zilizokuwa chini ya wigi zimesukwa mabutu manne, koti la mwanaume limefika magotini. Nikatumia Kiingereza changu cha kazini, kile ninachokitumia na familia za wagonjwa, nikamwambia yule bibi: mama, tafadhali usimgombeze huyu. Huyu ni mkwe wangu. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, na amenitoa bila kunigusa, na amefanya kila kitu sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea kumjua.

Yule bibi akaninyooshea kijiti, nikachukua wigi langu. Espoir akageuza uso wake kwenye matete haraka, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Lakini wa kuangaliwa alikuwa Sheila. Alikuwa amesimama na chupa ya chai kifuani ameikumbatia.

"Mum," akasema polepole. "What did you just call him?"

"Umesikia," nikamwambia. "Mimina chai, nakufa."

Tukanywa chai. Yule bibi alipewa kikombe na mandazi mawili, akaomba msamaha kwa Espoir mpaka ikabidi tumzuie, akaniuliza swali baada ya swali kuhusu mila hiyo, na mwisho akasema alikuwa na mama mkwe, na laiti mama huyo angekatazwa kumgusa yeye. Nikavaa wigi limelowa, nikalivua, nikalitia kwenye mfuko wa mandazi. Sheila akanivua taitsi nikiwa nyuma ya koti, akanivika soksi zake na ile suruali ya theluji (ndiyo, alikuwa ameibeba garini, kimya kimya, na niliivaa, na ilikuwa na joto, na sitaki maswali).

Nilitaka kwenda nyumbani. Lakini Sheila akasema, kuna kitu Espoir alitaka uone, ndiyo maana alikuwa anarudi kutuita. Nikaangalia, Espoir alikuwa ameshakwenda mbele, amesimamisha darubini yake tena kwenye ile stendi iliyojaa matope, akailenga, akaifupisha ile miguu mitatu, kisha akaondoka akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu. Nikaikaribia. Ilikuwa imeshushwa mpaka kimo changu hasa, sikuinama wala kuchuchumia. Mpaka leo sijui kijana ambaye hajawahi kuniangalia alijuaje kimo changu.

Nikaweka jicho. Walikuwa batamaji weupe, wengi, wamerudi baada ya ukelele wangu, shingo zao ndefu zimesimama, weupe wa shuka lililooshwa na kuanikwa juani. Walikuwa wanaongea wao kwa wao kwa sauti za chini. Sheila akaniambia wanatoka kaskazini kabisa, kwenye barafu, kila mwaka wanakuja hapa hapa kupumzika na baridi ya hapa kwao ni joto. Niliangalia mpaka jicho likatoa machozi, na nikaelewa kidogo kwa nini mtu anaweza kumpenda bata bila kumla. Nilikuwa hai, mtoto wangu alikuwa kando yangu ananishika kiuno, na jambo baya kabisa ambalo ningeweza kulifanya Jumapili nilikuwa sijalifanya bado. Nikasema asante Mungu kwa sauti, na Sheila akasema amen.

Basi nimeapa. Sitakanyaga nyasi za nchi hii wakati wa baridi, hata ziwe zimelala vizuri namna gani. Sitautuma ukuta wangu kuniletea chai. Na mimi na Espoir tumepatana, kupitia kwa Sheila, kwamba kwenye kona yoyote mtu anakohoa kwanza, na tukikutana njia nyembamba ni yeye atakayeingia matopeni, maana ana gambuti zinazomtosha. Baba Sheila ananidai gambuti yake ya kushoto mpaka leo, namwambia aende akaivue mwenyewe.

Na ile simu ya Jumapili nilipiga, miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto. Shemeji Amos hana salamu ndefu. Akaniuliza, "Mama Sheila, tunangoja wewe. Huyo kijana wa Kongo, ana adabu?"

Sheila alikuwa amekaa sakafuni karibu na beseni, anajifanya anasoma simu yake.

"Shemeji," nikasema, "ana adabu mpaka nusura iniue. Waambie wazee waje."